Nilirekodiwa nikisema kolajeni imeniponya goti, kumbe ni diklo

Shikamoo Dada Nesi,

Nina miaka 52, naishi Usa River na nina duka dogo la nafaka karibu na stendi. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai. Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango, maana jambo lenyewe ni la aibu na limeingia kwenye familia.

Goti la kulia lilianza kunisumbua mwaka juzi. Kwanza lilikuwa linauma nikishuka mteremko tu, baadaye hata kunyanyuka kwenye kigoda nikifua. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, sasa naingia na ndoo ya kushikilia ndipo niinuke. Mgongo nao asubuhi unakuwa mgumu kama ubao. Kila mtu ananiambia ute umekauka, mifupa inasagana.

Wifi yangu mkubwa anakaa Moshi, Pasua. Anauza unga wa kolajeni kwa ile biashara ya kuingiza watu chini yako. Kopo moja ni shilingi 95,000, la gramu 300, unakoroga kijiko kila asubuhi linaisha siku 30. La kwanza alinipa bure pamoja na krimu ya kupaka usiku. Mengine matatu nimenunua. Uso kweli ulilainika, wateja wakaanza kuniuliza napaka nini. Lakini goti, Dada, sitakudanganya, halikubadilika. Kinachonituliza ni diklofenaki, hivi vidonge vya maumivu tunavyoviita diklo. Nameza kimoja kila usiku tangu Krismasi, nanunua dukani hapo hapo stendi, na asubuhi nameza dawa yangu ya presha niliyoanzishwa mwaka jana. Wifi hajui, mume wangu hajui.

Mwezi wa tatu wifi alikuja na simu yake. Akaniambia nichuchumae, nisimame, nichuchumae tena. Siku hiyo nilikuwa nimemeza diklo mbili, nikachuchumaa kama msichana. Akanirekodi nikisema, "Kolajeni imenirudishia goti langu." Akaniambia nicheke. Mimi meno yangu ni haya ya kahawia ya kwetu, sijazoea kucheka mdomo wazi, lakini nilicheka. Video ilizunguka kwenye makundi ya kina mama kuanzia Tengeru hadi Himo.

Sasa bibi mmoja wa jumuiya yetu ameuza mbuzi akanunua makopo mawili. Ananiita "mwanangu uliyepona." Na jirani yangu Mwislamu aliniuliza kama hiyo kitu haina nguruwe. Nikamuuliza wifi, akasema imetengenezwa na mimea, nami nikamjibu hivyo hivyo. Ananunua kila mwezi.

Kumwambia wifi ukweli siwezi. Mume wangu alipougua na kulazwa, ni yeye aliyemlipia kijana wetu ada ya kidato cha tatu na cha nne. Sasa anataka nijiunge kwa mzigo wa 480,000, nikope kikoba, na Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na watu wake nyumbani kwangu kwa mkutano.

Naomba unijibu: huu unga unafanya kazi au haufanyi? Nitajitoaje bila kuvunja undugu? Na kopo lililobaki nusu, nilimalizie?

Mimi, Mwenye Goti, Usa River


Marahaba mdogo wangu.

Umeniuliza habari ya unga, lakini mimi macho yangu yameganda kwenye mstari wa diklo. Tangu Krismasi, kila usiku, na una presha. Hilo ndilo la leo, wifi atasubiri.

Diklofenaki ni dawa nzuri kwa siku chache. Ikimezwa kwa miezi inakwangua ukuta wa tumbo, inapandisha presha na inabana damu inayokwenda kwenye figo. Na dawa nyingi za presha zinapungua nguvu zikikutana nayo. Kwa hiyo asubuhi unashusha, usiku unapandisha, na katikati hapo figo ndizo zinazolipa. Nimewaona wodini kina mama wa umri wako walioingia na miguu imevimba, ukifungua mkoba wa mgonjwa unakuta vidonge vya goti vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hakuna aliyekuwa mlevi wala mzembe. Walikuwa wanauza, wanalima, wanataka tu siku ipite.

Leo usimeze. Ndani ya wiki hii nenda kituo cha afya upimwe presha, uombe na kipimo cha damu cha figo, kinaitwa kreatinini, na umwambie daktari wazi: "Nimemeza diklo miezi kadhaa." Usione haya, hilo wanalisikia kila siku. Dawa ya presha endelea nayo kama ulivyoandikiwa. Ukiona choo cheusi kama lami, au mkojo umepungua, au miguu imevimba, usisubiri wiki iishe, nenda siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya usiku wa leo na kesho, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kama goti limevimba, liweke kitambaa cha maji baridi. Ipo pia diklo ya kupaka. Ile inaingia mwilini kidogo sana kuliko kidonge, muulize daktari kama inakufaa.

Sasa unga.

Kolajeni ni protini, na ndiyo iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwetu, karibu thuluthi moja ya protini yote uliyonayo. Ndiyo kamba inayoshika ngozi, mishipa ya kano, mifupa na gegedu, ile nyama nyeupe ngumu inayokaa kati ya mfupa na mfupa gotini. Unaijua vizuri kuliko unavyofikiri. Ukipika makongoro jioni ukayaacha jikoni, asubuhi ukifunua sufuria supu imeganda, ukiitikisa inatetemeka. Hiyo ndiyo kolajeni, imechemka ikawa jelatini. Wanachofanya kiwandani ni kuchukua ngozi za ng'ombe, za nguruwe, au ngozi na magamba ya samaki, wakaichemsha hiyo kitu, wakaikatakata vipande vidogo vidogo kwa vimeng'enya, wakaikausha ikawa unga usio na ladha.

Umeona nimetaja wanyama tu. Hakuna mmea wenye kolajeni. Hakuna, si mwani, si mlonge, si parachichi. Kinachouzwa kama kolajeni ya mimea ni vitamini C na vitu vingine vya kuusaidia mwili utengeneze ya kwake. Kwa hiyo kama kopo la wifi yako lina kolajeni kweli, limetoka kwa mnyama, na kama limetoka kwenye mimea basi si kolajeni. Geuza kopo usome nyuma. Ukikuta limeandikwa ng'ombe au samaki, ni afadhali, ingawa Mwislamu bado atataka kujua huyo ng'ombe alichinjwaje. Ukikuta halijasema mnyama gani, usimwachie jirani yako abahatishe. Nitarudi kwake.

Ukikoroga kijiko ukanywa, tumbo haliulizi bei. Linafanya kile linachofanya kwa maharage na dagaa: linaivunja. Sehemu kubwa inakuwa amino asidi za kawaida, yale matofali ya kujengea protini, na vipande vichache vidogo vinapita vikiwa viwiliviwili au vitatuvitatu na vinaonekana kwenye damu. Havina anwani ya goti la kulia la Usa River. Mwili unavipeleka unakotaka. Mzee wangu alikuwa anapenda sana ubongo wa mbuzi akisema unaongeza akili, na mama alikuwa anamjibu kwamba mbuzi mwenyewe haukumsaidia kitu.

Sitakuambia ni uongo mtupu, maana nitakuwa nafanya kosa lile lile la wifi yako kwa upande wa pili. Wapo watafiti waliowapa watu gramu 10 kwa siku kwa miezi mitatu hadi sita, na baadhi ya wenye magoti ya kusagika wakasema maumivu yamepungua kidogo. Kidogo. Tatizo ni nani aliyelipia utafiti. Kwa upande wa ngozi, mwaka 2025 ulitoka uchambuzi uliokusanya majaribio 23 yenye watu 1,474. Ukiyachanganya yote pamoja, ngozi inaonekana imeongezeka unyevu na kunyumbuka. Ukiyatenga yale ambayo hayakulipiwa na makampuni, faida inapotea. Na mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya haikuyaunga mkono madai ya wauzaji kwamba kolajeni inalinda viungo, kwa sababu ushahidi haukuonyesha kwamba hiki kinasababisha kile.

Na zipo aina za kolajeni. Ya gegedu ni aina ya pili. Ya ngozi na mifupa kwa sehemu kubwa ni aina ya kwanza, na unga mwingi sokoni ni wa aina ya kwanza kwa sababu ngozi za ng'ombe ni rahisi kupatikana. Huo ndio unaoambiwa ukajenge gegedu, mahali ambapo hata mishipa ya damu haipiti.

Hebu tupige hesabu ya dukani, maana wewe ni mfanyabiashara. Kopo la gramu 300 lina protini kama gramu 270. Yai moja lina kama gramu 6. Kopo zima ni sawa na mayai 45, yaani trei moja na nusu. Na ya yai ni bora zaidi, kwa sababu kolajeni inakosa kabisa amino asidi moja ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, inaitwa triptofani. Bei ya trei Usa River unaijua wewe. Toa kwenye 95,000 uone kinachobaki.

Unataka kuusaidia mwili utengeneze kolajeni yake? Unahitaji protini ya kutosha na vitamini C, kwa sababu bila vitamini C ile kamba haisokoteki. Zamani mabaharia waliokaa miezi bila matunda walitokwa na damu kwenye fizi na vidonda vyao vya zamani vikafumuka kwa ajili hiyo. Pera moja linakutosha siku nzima, na mapera ya Meru yanaoza chini ya miti.

Uso wako umelainika, nakubali. Lakini alikupa unga pamoja na krimu, sasa utajuaje ni kipi? Nina wasiwasi zaidi na hiyo krimu. Ikiwa ndani ya wiki mbili imekufanya uwe mweupe, au kopo halionyeshi kilichomo, iache. Haidrokwinoni na zebaki, zinazowekwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku nchini na bado zinauzwa. Tangu mwaka 2019 vipodozi na vyakula viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo anayekuambia bidhaa yake "imepitishwa" mwulize imepitishwa na nani, kama kitu gani. Kitu kilichosajiliwa kama chakula hakijapimwa na mtu yeyote kama kinatibu goti. Na miaka 52 ni umri ambao hedhi inakoma. Miaka mitano ya kwanza baada ya hapo ngozi inapoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake, kwa wanawake wote, maskini na tajiri. Kinachoimaliza haraka zaidi ni jua, na jua letu huku juu ni kali hata siku ya mawingu. Mtandio, kofia pana, kivuli cha duka. Pale hospitali ya KCMC Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu wanajua jua la hapa linafanya nini. Hilo ndilo somo la ngozi, sina la kuongeza.

Nirudi kwenye goti, na kwenye kitu ulichokisema kwa kupita.

Umezaliwa Maji ya Chai. Meno yako ni ya kahawia. Mgongo asubuhi ni ubao. Mdogo wangu, hivyo vitatu umeviandika mbalimbali lakini mimi navisoma pamoja. Meno hayo ni kazi ya floridi, madini yaliyoko kwenye maji ya kuzunguka Mlima Meru, yaliyotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huko kwenu yapo maji yanayozidi mara kumi. Utotoni, meno ya ukubwani yakiwa bado yanaumbika, floridi inayachafua. Ukiendelea kunywa miaka na miaka, inaanza kukaa kwenye mifupa: mgongo unakakamaa, shingo haigeuki vizuri, magoti na viwiko vinakuwa vizito. Watu wanaiita baridi yabisi, wanaiita uzee, wanaiita kurogwa.

Sisemi ndicho ulicho nacho. Goti lako linawezekana kabisa ni kusagika kwa kawaida kwa mama aliyebeba magunia miaka 30. Lakini mwambie daktari ulikokulia, uombe picha ya goti na ya mgongo wa chini. Mifupa iliyojaa floridi inaonekana kwenye picha, inakuwa mizito na myeupe kupita kawaida. Daktari aliyetoka mkoa mwingine anaweza asiliwaze hilo usipomtajia wewe.

Na nyumbani mnakunywa maji gani sasa? Hili nakuuliza kwa ajili ya wajukuu kuliko wewe. Floridi haina rangi wala harufu, kwa hiyo maji safi ya kisima yanaweza kuwa mabaya kuliko ya mfereji yenye tope. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Magadi unayoweka kwenye maharage na makande nayo yamejaa floridi, na chai ya majani iliyokolea inaongeza yake. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana shida hiyo. Hapo jirani yako tu, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kilicho chini ya Wizara ya Maji. Nenda ukaulize habari ya kupima maji ya kisima chenu na ya vichujio vya makaa ya mifupa. Ndiyo, mifupa ya ng'ombe, inachomwa kwenye tanuru ikawa nyeusi, ikasagwa, maji yakapita humo yakaacha floridi yake. Ng'ombe yule yule wa kwenye kopo. Ila hapa mfupa wake unafanya kazi inayoonekana kwenye kipimo, na watoto wenye umri chini ya miaka minane, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaumbika, wanapona aibu uliyokua nayo wewe.

Goti lenyewe likionekana ni kusagika, dawa yake haiuzwi kwenye kopo. Ni paja. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayobeba goti, na ukikaa dukani kutwa kwenye kiti kifupi inanyauka. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyoosha mguu mbele mpaka unyooke kabisa, kaza paja, hesabu polepole hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki mbili zikipita anza kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, mara tano, halafu kumi. Litauma kidogo mwanzoni. Likiuma hadi kesho yake, punguza, usiache. Hospitali zenye fiziotherapia watakufundisha mengine. Kama una uzito wa ziada, kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti karibu kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo kilo tano tu goti linazisikia kama ndoo ya maji ya lita ishirini imeshushwa. Kigoda cha kufulia kipandishe, weka beseni juu ya meza. Na mwanaume wa nyumba akutengenezee kiti cha choo, fremu ya mbao iliyotobolewa katikati, fundi yeyote wa Usa River anaitengeneza kwa siku moja. Hiyo ndoo itakuja kuteleza.

Sasa wifi.

Kwanza tutenganishe fadhila na ushuhuda. Ada ya kidato cha tatu na cha nne ni deni la kweli, na hata kama hakulidai, wewe unadaiwa moyoni. Lilipe kwa jinsi madeni yanavyolipwa: kwa fedha ukijaliwa, kwa gunia la mahindi wakati wa mavuno, kwa kwenda kumuuguza akiugua. Huwezi kulilipa kwa goti la uongo, tena kwa mifuko ya watu wengine. Yule bibi hakumlipia kijana wako ada, lakini mbuzi aliyeuzwa ni wake.

Mume wako aambiwe kabla ya wifi. Huyo ni dada yake, na jambo likishafika Moshi kwa mdomo mwingine utaonekana umewagombanisha ndugu. Mwambie na habari ya diklo. Atakasirika kidogo kwamba ulimficha, halafu atakwenda mwenyewe dukani kuwaambia wasikuuzie. Waume wa hivyo ninawajua.

Halafu panda gari uende Pasua mwenyewe, kabla ya Jumamosi hiyo, usipige simu. Nenda na ndizi au mchele, nenda kama wifi mdogo. Usianze na unga. Anza na ada, mshukuru kana kwamba ni jana, ndipo useme: "Wifi, siku ile uliponirekodi nilikuwa nimemeza diklo mbili. Nilikuficha kwa sababu niliona umefurahi. Goti langu halijapona, na daktari anasema diklo inaweza kuniharibia figo. Video ile naomba uifute, na mkutano usifanyikie kwangu." Useme na unyamaze. Usimwambie anauza uongo, maana naona kwenye barua yako kwamba yeye mwenyewe anaamini. Alikuambia ni ya mimea kwa sababu na yeye aliambiwa ni ya mimea na mtu wa juu yake, na huyo naye wa juu yake. Inawezekana ana mzigo wa makopo chini ya kitanda na mkopo juu ya kichwa. Ukiuliza taratibu utashangaa. Wengi wa biashara hii mteja wao mkubwa ni wao wenyewe.

Akikasirika, mwache akasirike. Akisema "nilikulipia ada na leo unaniangusha," mjibu, "Ada sijaisahau, ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Usiongeze neno. Mzigo wa 480,000 usichukue. Kikoba ni fedha ya kina mama wenzako. Ukikopa kwa biashara ambayo unajua haiponyi unachosema inaponya, utaanza kuwatafuta watu wa chini yako, na wa kwanza kumfuata atakuwa bibi yule yule.

Bibi nenda kwake kabla hata ya Pasua. Mwambie ukweli wote, akucheke au akulilie. Kama kuna kopo halijafunguliwa, mrudishie fedha yake kutoka mfukoni mwako na ulibebe wewe. Lile lililofunguliwa mlipe nusu ukiweza. Na mwulize yeye goti lake anatulizia nini, maana bibi wa umri huo akisema "unga umenisaidia," mara nyingi kuna kidonge pembeni, kama wewe.

Jirani yako mwambie sentensi mbili: "Nilikuambia ni ya mimea, nilikosea, kolajeni inatoka kwa wanyama. Kopo hili limeandikwa hivi," umwonyeshe. Ikiwa halijaandikwa mnyama gani, mwambie hivyo hivyo halijaandikwa. Mengine ni kati yake na dini yake, na asiyajue kwa kusimuliwa na mtu mwingine.

Makundi yale huwezi kuyafuata yote. Rekodi sauti ya nusu dakika, sema jina lako, sema ulikuwa unatumia dawa ya maumivu siku ile na goti bado linauma, na umwombe aliyeituma video aitume na sauti hiyo. Wengine hawatasikiliza. Video ya mama anayechuchumaa inapendeza kuliko sauti ya mama anayeomba radhi.

Na kopo lako la nusu: soma kwanza kilichomo. Kama ni kolajeni tupu na samaki hawakudhuru, subiri majibu ya kipimo cha figo. Figo zikiwa salama, limalizie ukipenda, halitakuua, ni protini. Figo zikiwa na shida, daktari atakupimia hata nyama ya kula, kwa hiyo liache. Na kama kwenye lebo kuna maneno usiyoyaelewa, au halina jina la mtengenezaji, mwaga. Niandikie tena baada ya picha, uniambie mgongo umeonekanaje.